Dakika Nane Kabla ya Magharibi

Timbwani, Likoni
20 Novemba 1996

Ndugu yangu Gershom,

Salamu za huku zote ni zako. Jumapili nilifika kwenu Mtopanga nikamwona mama. Hajambo, ila magoti yanamsumbua. Kila anayepita mlangoni humwambia kwamba mwanawe Masha ndiye fundi mkuu wa kompyuta huko Nairobi, nami humwitikia, kwani katika darasa la kompyuta pale mjini wewe ndiye uliyekuwa ukinionyesha.

Nakuandikia kwa shida ya kazi. Mwaka huu nimechukua kazi ya kuchapa ratiba ya Ramadhani. Unajua kwamba nyakati za sala za misikiti ya huku hupigiwa hesabu na Maalim Shee, aliyenisomesha Kurani chuoni. Huzipiga kwa mkono kutoka majedwali aliyoachiwa na mwalimu wake, na jina lake huandikwa chini ya ukurasa. Miaka yote ilichapwa kwa taipureta. Mimi nikamshikilia mpaka akakubali tutumie kompyuta, tutie maandishi ya Kiarabu na pambo pembeni.

Sasa mashine inaniaibisha. Ukurasa mmoja naweza kutoka, kunywa kahawa, kurudi, na bado haujamalizika. Kila msikiti unataka jina lake juu. Mashine nyingine siwezi kununua. Nifanyeje?

Wako,
Jaffar Khamis


Nairobi
29 Novemba 1996

Bwana Jaffar,

Usinunue kitu. Mashine yako haiumwi, ni mvivu tu.

Ukiiwasha, kabla haijaanza kazi, ingia kwenye ile skrini ya buluu ya mipangilio. Tafuta ukurasa wa memori, yaani kumbukumbu ya mashine. Waliounda mashine hizi ni waoga. Wameiambia prosesa, ubongo wa mashine, kwamba kila inapotaka kusoma memori ingoje kwanza, na ikitaka kuandika ingoje tena. Kungoja huko kumeandikwa kwa tarakimu. Zishushe zote hadi ya chini kabisa.

Kisha zima, fungua kasha. Kando ya vibao vya memori kuna jampa, kijikofia cheusi kinachovaa pini mbili. Kisogeze pini moja, memori ipate volteji zaidi kidogo. Ukimkimbiza mtu lazima umlishe.

Hapa ofisini nimezifanyia hivi mashine zote. Wakubwa hunijia wakauliza, "Masha, umetia nini humu?" Nacheka tu.

Mama mwambie nikipata likizo nitakuja. Kazi zimenibana.

Gershom Masha


Timbwani
12 Desemba 1996

Ndugu yangu,

Mungu akupe maisha marefu. Mashine inakimbia. Kahawa sasa naiagiza na ukurasa unatoka kabla haijafika.

Jana Maalim alikuja. Tulisoma mstari kwa mstari, yeye akitaja kutoka kwenye karatasi yake, mimi nikimfuatisha kwenye skrini, mwezi mzima, kuanzia Alfajiri hadi Isha. Hatukukuta kosa. Akavua miwani akasema, "Wallahi, Jaffar, huyu hana mkono wa kutetemeka." Kisha akaniuliza karatasi yake aiweke wapi. Nikamwambia haina kazi tena, yote yamo ndani. Kwa kuwa ina Bismillahi juu na haitupwi, akaichoma uani kwangu, akachimba akafukia majivu.

Lakini kuna jambo moja. Alasiri, bati la paa likipata joto, mashine husimama ghafla. Skrini huwa nyeusi na maandishi meupe yanasema hesabu ya memori haikulingana. Nikiizima na kuiwasha huendelea kama haikuwa yeye. Leo imenifanyia hivyo mara nyingi na wazee wanangoja ratiba. Ni nini?

Jaffar


Nairobi
19 Desemba 1996

Jaffar,

Hilo dogo. Memori yako ni ile yenye vipande tisa. Vinane hufanya kazi. Cha tisa hakifanyi lolote ila kuwahesabu wenziwe na kupiga kelele hesabu isipolingana. Mchongezi tu. Katika ukurasa ule ule wa mipangilio kuna mstari wa ukaguzi wa memori. Uzime. Hutasikia tena neno lake.

Maliza kazi kabla mwezi haujaandama, na mwaka ujao watakujia mpaka wa Bamburi.

Gershom


Timbwani
14 Februari 1997

Gershom,

Sikukuu imepita. Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa sijui niandike nini.

Nitakueleza kama ilivyokuwa. Siku ya Ramadhani kumi na mbili, Mzee Nguma, muadhini wa msikiti wetu, aliadhini Magharibi saa kumi na mbili na dakika thelathini na nne. Tangu wajenge ile ghorofa upande wa magharibi halioni jua. Hufuata saa na ratiba iliyobandikwa ukutani. Watu wakafuturu. Walikuwa wamekwisha kula tende na wamesimama kuswali ndipo msikiti wa pili ukaadhini, maana muadhini wao hutazama mbingu. Kijana mmoja alitoka nje akazunguka ghorofa, akarudi anasema jua lingali pale, nusu yake inaonekana.

Ratiba iliandika thelathini na nne. Jana yake arobaini na mbili, kesho yake arobaini na mbili. Misikiti yote ilikuwa na kosa hilo, lakini kwingine hufuata redio au jua. Ulioharibikiwa ni wa kwetu.

Saumu ya watu wote wa msikiti ikawa ya kulipa. Bi Mwanatabu, muuza viazi karai, ameilipa juzi hali anaumwa, nami nilimwona ameketi kando ya karai analokaangia wengine.

Bwana Khamis, mwenyekiti wa kamati na wajina tu wa baba yangu, alimwita Maalim Shee mbele ya watu. Maalim aliutazama ule mstari, akatazama jina lake chini. Akasema, "Jina ni langu." Mtu wa nyuma akasema, "Macho yamekwisha, apumzike." Mwingine akasema kompyuta haikosei, huandika ilichoambiwa. Walinitazama. Nikasema kweli, huandika ilichoambiwa.

Baada ya Idi bintiye Tima amemchukua, wamekwenda Vanga kwa shangazi yake, Bi Barke. Chuo kimefungwa.

Nataka unijibu jambo moja wewe unayejua. Siku ile ya kusoma, kwenye mstari huo nilimsikia Maalim akitaja arobaini na mbili, na mimi nikaiona arobaini na mbili. Je, mashine yaweza kubadilisha?

Jaffar


Nairobi
25 Februari 1997

Jaffar,

Yaweza.

Na kuna la pili.

Mimi si fundi. Duka ninalofanyia kazi linauza kompyuta, na kazi yangu ni kufunga maboksi na kuyapakia kwenye gari. Sijawahi kufungua kasha la mashine hata moja tangu nije Nairobi. Mambo ya memori niliyasoma kwenye gazeti moja la kompyuta lililokuwa likifungiwa mizigo. Makala yale yalisema yanaendelea ukurasa unaofuata, na huo ulikuwa umechanwa. Niliyokuandikia kuhusu kuzima ukaguzi niliyajaza mwenyewe.

Jana nilimwuliza fundi wetu wa kweli, dada mmoja aitwaye Nduku. Alianza kwa kucheka. Kisha akaacha kucheka akauliza, "Nani amefanya hivyo?" Nikasema ni mteja. Akanieleza kwamba memori ikiharakishwa kupita uwezo wake husahau kitu kidogo hapa na pale, hasa ikipata joto, na ile volteji niliyokuambia uongeze ndiyo huzidisha joto. Mara nyingi huwa mahali pasipoonekana. Siku moja huangukia penye tarakimu. Kipande cha tisa kiliwekwa kwa ajili hiyo.

Mama usimwambie. Najua sina haki ya kukuomba.

Gershom


Timbwani
6 Machi 1997

Maalim wangu Shee,

Shikamoo.

Ile saa ya Magharibi ya siku ya kumi na mbili hukuikosea wewe. Uliitaja arobaini na mbili, nami niliiona. Nilikuwa nimeiharakisha mashine kupita kiasi chake. Ikawa inanionya kwamba inakosea, nikaizima isinionye. Ilibadilisha tarakimu baada ya wewe kuondoka, nami nikachapa bila kusoma tena.

Siku ya kamati nilikuwa na shaka tayari. Nilisema yale niliyosema kwa kuogopa kazi yangu.

Mashine nimeirudisha kama ilivyokuwa. Naomba radhi zako.

Mwanafunzi wako,
Jaffar Khamis


Vanga
15 Machi 1997

Kaka Jaffar,

Barua yako ilifika mikononi mwangu. Baba hasomi barua tena. Zote hunipa mimi, maana anasema macho yake si ya kuaminiwa.

Ngoja nikueleze ulichomfanya, kwa kuwa barua yako ni fupi na yaonyesha ulifikiri ni jambo la karatasi. Kila asubuhi huniuliza leo siku gani, kisha humwuliza shangazi Barke kuhakikisha kama sikumdanganya. Akiswali hutaka niketi karibu. Akitoa salamu hugeuka akaniuliza, "Rakaa ngapi?" Namwambia, "Tatu, baba, ni Magharibi." Watoto wa huku walipokuja kutaka awasomeshe, aliwaambia wamtafute mtu mzima wa akili. Yale majedwali aliyoachiwa na mwalimu wake amempa shangazi ayafungie kabatini, na ufunguo hataki kujua uliko. Akienda chooni hunishika mkono. Miguu yake haina neno, Jaffar. Aliyekuwa akivuka feri peke yake kila Alhamisi!

Radhi unaiomba Vanga, na aibu umeiacha Likoni. Barua yako hii sitamsomea. Nikimsomea atadhani nimeitunga ili nimtulize. Mara mbili nimekwisha kumtungia ya kumtuliza na mara zote alinijua. Nenda kayaseme palepale ulipoyanyamazia, mbele ya walewale. Ukimaliza, niandikie nimlete asikie kwa watu.

Na kama huwezi, kaa na mahodari wenzio wa mashine, usituandikie tena.

Tima binti Shee


Timbwani
23 Machi 1997

Gershom,

Ijumaa baada ya sala nilisimama nikasema. Nilisema yote: kungoja nilikopunguza, volteji, mstari niliouzima, na kwamba Maalim hakukosea.

Sasa sikiliza kilichotokea. Bwana Khamis alinishika bega mbele ya watu akasema, "Mwamwona kijana? Huyu ndiye aliyesomeshwa akasomeka. Amebeba kosa la mwalimu wake." Nikamwambia si la mwalimu, ni langu. Akasema, "Tumekuelewa, mwanangu, adabu ndiyo hiyo." Wazee wakanipa mikono mmoja mmoja. Mzee Nguma akaniombea dua. Kadiri nilivyozidi kukataa ndivyo walivyozidi kunisifu. Jioni Bi Mwanatabu, aliyelipa saumu mgonjwa, aliniletea sahani ya mahamri na mbaazi. Imekaa mezani mpaka ikachacha.

Nikajaribu kuwaonyesha. Jana niliiharakisha tena mashine kama ilivyokuwa Desemba, nikamwita Bwana Khamis aje aone ikikosea. Tulichapa ratiba alasiri nzima. Kila karatasi ilitoka sawa. Akanihurumia, nikaona ananihurumia. Akasema, "Wacha, Jaffar. Mzee ni mzee."

Kwa hiyo nimetoka mwongo mwenye sifa njema. Maalim ndiye sasa amekwisha kabisa, maana hata mwanafunzi wake amemfunika na haikufaa. Tima sijamwandikia. Nimwandikie nini? Nami sikuja kwako kulia. Nenda kwa yule dada Nduku. Mwambie mteja ni nani na aliyemfundisha ni nani. Mwulize niifanyeje mashine ikubali kosa lake mbele ya watu.

Jaffar


Nairobi
1 Aprili 1997

Jaffar,

Nimemwambia. Nilimwambia mbele ya wapakiaji wenzangu, maana ndipo alipokuwa. Mmoja ameanza kuniita "Fundi Mkuu", na wengine wamemfuata. Nastahili.

Nduku anasema ulifanya jaribio vibaya. Ukichapa karatasi unangoja kosa liangukie palepale penye tarakimu, na huenda ukangoja mwaka. Iache mashine na haraka yake, na volteji yake, lakini uwashe ule mstari niliokuambia uuzime. Kisha uipe kazi wakati wa joto. Haitajali kosa limeangukia wapi. Itasimama na kusema.

Amesema pia kwamba si lazima uelewe zaidi ya hapo.

Mama nimemwandikia mwenyewe. Nimemwambia nafunga maboksi. Bado hajajibu.

Gershom


Timbwani
14 Aprili 1997

Ndugu yangu Gershom,

Nakuandikia jana ilivyokuwa, bila kuongeza.

Nilimwandikia Tima kwamba nina jambo la kuonyesha na si la kusema, na kwamba laweza kushindikana. Akamleta. Wamefikia kwa jamaa zao Mtongwe. Baada ya Alasiri niliitoa mashine nikaiweka kwenye baraza ya msikiti, upande wa jua. Kitsao mwenye kibanda cha kinyozi alinivutia waya wa umeme kutoka kwake. Watu walikuja wengi, baadhi kwa kudhani nimezidisha adabu mpaka nimerukwa na akili. Maalim aliketi nyuma kabisa, mkono wake umeshika wa Tima.

Niliwaonyesha skrini ya buluu. Nikawaonyesha kila mstari kama ulivyokuwa Desemba, isipokuwa mmoja, wa ukaguzi, ambao sasa nimeuwasha. Kisha nikaipa kazi. Ilichapa karatasi ya kwanza. Ikachapa ya pili. Bwana Khamis akanong'ona, "Kijana, yatosha." Kitsao akasema kwa sauti, "Mpeni nafasi, hata nyama haiivi mkiifunuafunua." Wakacheka.

Karatasi ya tatu ilikuwa nusu imetoka mashine iliposimama. Skrini ikawa nyeusi, maandishi meupe.

Mzee Nguma aliuliza, "Yasemaje?"

Nikamsomea. Yasema memori imekosea.

"Kwa hiyo huwa yajua ikikosea?"

"Yajua, mzee."

"Na mwezi wa Ramadhani ilijua?"

"Ilijua."

"Mbona haikusema?"

"Niliizima isiseme."

Niliiwasha upya. Haikufika karatasi ya pili, ikasimama tena. Mara ya tatu, vivyo hivyo. Bwana Khamis hakunishika bega. Alisema tu, "Na siku ile ulitwambia huandika ilichoambiwa." Nikasema ndiyo, nilisema. Akaondoka akaenda kukaa upande wa pili wa baraza. Bi Mwanatabu alikuwa amesimama kando ya lango. Alinitazama akajifunika kanga yake vizuri, akaenda zake. Sahani yake bado ninayo.

Maalim aliinuka akaja mbele. Alikuja peke yake, Tima akiwa nyuma yake hajui amfuate au amwache. Akaniuliza, "Tuliposoma, nilikutajia ngapi?"

"Arobaini na mbili, Maalim."

"Taja tena."

"Arobaini na mbili."

"Nawe ukaiona?"

"Nikaiona."

Alinitazama. Sikuona hasira na sikuona msamaha, na sikuandikii ambacho sikukiona. Akaniuliza kama majivu ya karatasi yake bado yako pale uani alipoyafukia. Nikamwambia yako. Akatikisa kichwa, akavaa miwani.

Kamati haijasema lolote juu ya ratiba ya mwaka ujao, na mimi sitauliza. Mashine nimeirudishia kungoja kwake na jampa nimeirudisha kwenye pini yake. Ukaguzi nimeuacha umewashwa.

Jambo la mwisho. Watu walipokuwa wakitawadha kwa Magharibi, mimi nilikuwa nakunja waya wa Kitsao. Mzee Nguma alitazama saa ya ukutani, akapanda mahali pake, akainua mikono masikioni. Maalim alikuwa amesimama kwenye pembe ya baraza, pale penye mwanya kati ya ghorofa na ukuta, akilitazama jua. Hakumwuliza Tima wala mtu yeyote. Akasema, "Bado."

Nguma akashusha mikono, akangoja.

Jaffar